Kwenda Newala Kuuliza Maneno ya Pugi

Niliondoka Masasi kwa sababu ya ndege mmoja. Kwa msomaji asiyemjua, pugi ni yule njiwa mdogo wa vichakani anayependa kuingia uani kuokota punje, mwenye madoa ya kijani bawani yanayong'aa akikaa juani. Hutembea chini haraka haraka kama mtu aliyesahau kitu dukani. Lakini wengi wetu tunamjua kwa sauti kuliko kwa sura. Huanza polepole, kisha sauti inashuka na kuharakisha mpaka inazimika. Kwetu Lukuledi, sisi Wamakua tulifundishwa tangu utotoni kwamba sauti hiyo ina maneno: mama amekufa, baba amekufa, ndugu wamekwisha, nimebaki mimi, mimi, mi, mi, mi.

Marehemu mke wangu, Mama Fidea, alikuwa Mmakonde wa Newala. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa na desturi ya kumjibu ndege. Alfajiri, mimi nikiwa bado kitandani, nilisikia sauti ile inayoshuka huko nje, na baada yake sauti ya mke wangu ikisema maneno machache ya Kimakonde, kisha mlango wa uani ukifungwa. Nyumbani tulizungumza Kiswahili. Kimakonde sikukijua, na sikuwahi kumwuliza anasema nini. Nilijiambia tu kwamba anamjibu pugi, na mtu anayemjibu pugi kila siku ni mtu anayejiona yatima.

Alipofariki, swali lilinibakia mimi. Je, aliishi nyumbani kwangu kwa upweke, nami nimelala pale pale, nasikia, sisemi kitu? Mtoto wetu Fidea yuko Dar es Salaam, naye Kimakonde hakijui, kama mimi nisivyokijua. Aliyebaki wa kuulizwa ni dada mkubwa wa marehemu, Mama Edina, aliyeko Newala. Mwezi wa Oktoba, korosho zilipoanza kuanguka, nikafunga safari.

Masasi, asubuhi ya kuondoka, niliwaaga ndege wangu. Naandika hivyo bila mzaha. Nyumba ikiwa kimya, mtu hutafuta wa kumtazama, na mimi nilikuwa nimeanza kuwatazama wale wa uani kwangu kama wengine wanavyotazama majirani. Shomoro wa kwenye paa hugombana tangu kunakucha, dume kwa dume, kwa ajili ya nafasi moja chini ya bati. Shore, mwenye kishungi cheusi na manjano chini ya mkia, ndiye mwenye mpapai; hakuna papai linaloiva asilijue kabla yangu. Chozi huja peke yake, ananing'inia kwenye ua la mgomba, anafyonza, anaondoka bila kuaga. Huyo nilimpenda kuliko wote, labda kwa kuwa hakuwa na mwenzake.

Basi la Newala lilikuwa limeharibika. Nikapata nafasi kwenye lori la mnunuzi wa korosho. Zamani korosho zote zilikuwa za chama cha ushirika. Miaka hii ya ruksa, kila mwenye lori na mizani anakuja kununua. Dereva, kijana wa pwani aitwaye Hamisi, alinipisha mbele kwa heshima ya mvi.

"Mzee, unakwenda Newala kuposa?" aliuliza tulipoanza mwendo.

"Nakwenda kuuliza habari za ndege."

Akafikiri kidogo. "Basi umechelewa, mzee. Uwanja upo, lakini siku hizi hazitui."

Nilipomweleza kuwa nasema ndege wa manyoya, alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Kumbe. Hao wapo wengi, na nauli hawadai."

Mwisho wa mji tulipita kiwanda cha korosho nilikokuwa karani wa ghala. Kilikwisha fungwa. Milango ya maghala imeng'olewa, na mbayuwayu wanaingia na kutoka kama wafanyakazi wa zamu. Wamejenga vikombe vyao vya udongo juu ya nguzo ambazo chini yake nilikuwa nahesabu magunia. Hamisi aliuliza kama napajua. Nikasema napajua.

Tuliyaacha majabali ya Masasi nyuma yetu, mikorosho kulia na kushoto, vumbi jekundu juu ya kila jani. Lulindi tulisimama karibu na misheni kutia maji kwenye rejeta. Hapo kunguru wawili wenye kola nyeupe walitua mara moja na kulizunguka lori kama wakaguzi. Nimegundua tabia ya kunguru: hamtazami mtu usoni, anamtazama mikononi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mihogo alinikaribisha kuketi. Akaniuliza ninasafiri na nani. Nikamwambia niko peke yangu, akaniongezea kipande cha muhogo bila kusema kwa nini.

Baada ya Lulindi ardhi inainuka. Lori lilipanda ukingo wa uwanda wa juu kwa gia ya kwanza, na kila kona upepo ulizidi kuwa wa baridi. Juu kabisa nilitazama nyuma nikaona nchi yote tuliyotoka imelala chini, bluu bluu, na vilima vya Masasi vidogo kama mawe ya jikoni. Mke wangu alishuka njia hii akiwa bibi harusi. Nilikuwepo siku hiyo, lakini sikumbuki kama aligeuka kutazama.

Newala tulifika alasiri. Nyumba ya Mama Edina iko upande wa bondeni, si mbali na ukingo wanaouita Shimo la Mungu. Sikuwa nimefika tangu kabla ya msiba. Maziko yalikuwa Masasi, wao ndio walioshuka. Nilipiga hodi nikiwa na kilo ya sukari na mche wa sabuni, na moyo si wangu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Alinitazama muda mrefu. Ni mwanamke mrefu, mweusi, mwenye chale za zamani shavuni, na macho yake hayajaharibika. "Baba Fidea? Nilidhani umekufa. Nikasema, mbona hawakutuletea habari?"

"Bado, shemeji."

"Basi ingia. Maiti hapigi hodi."

Aliniletea maji ya kunawa kwenye bakuli dogo. Nilipomaliza nikainua bakuli nimwage uani, kama ninavyofanya kwangu. Akanishika mkono.

"Nyie wa Masasi mnamwaga maji? Hapa hata ndege ana zamu."

Akayamimina kwenye gae la mtungi chini ya mkorosho. Newala maji ni shida inayojulikana. Uwandani hakuna mto. Watu hukinga ya mvua, na pampu zikisimama, wanawake huteremka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Kwa hiyo gae lile lilikuwa kama hoteli. Sikuwa nimekaa vizuri kwenye kigoda, wageni wakaanza kuja. Kwanza shore, kwa kuwa hana aibu. Kisha chiriku kundi zima, wakanywa pamoja na kuondoka pamoja. Tetere akasubiri juu ya uzio mpaka wenye kelele waishe, ndipo akashuka, akazamisha mdomo na kunywa kwa mfululizo bila kuinua kichwa.

"Na wale?" niliuliza. Ndege wa kijivu wenye mikia mirefu walikuwa wamening'inia kwenye uzio, matumbo yakitazama jua.

"Kuzumburu. Wezi wa mapapai. Hawaji mmoja mmoja, wanakuja kama wajumbe wa mkutano. Na wakishashiba wanaota jua hivyo hivyo, kama wajumbe."

Jioni ile ningeweza kuuliza. Sikuuliza. Nilikula ugali wa muhogo, nikasifu mboga, nikaulizwa habari za Fidea, nikazijibu. Niliogopa jibu. Kama angeniambia, "Ndiyo, mdogo wangu alikuwa akililia kwao," ningefanya nini na jibu hilo katika umri huu?

Alfajiri ya siku ya pili niliamshwa na sauti ile ile, inashuka, inashuka. Nikatoka nje nimejifunga shuka, maana ukungu wa Newala si mchezo. Mama Edina alikuwa akichochea moto, na jirani yake, Bi Asha, amesimama na ndoo mbili tupu akimngoja. Niliwaamkia, kisha nikasema, "Huyo pugi ameanza mapema."

Bi Asha alinitazama kama mtu aliyeita mbuzi ng'ombe.

"Pugi gani saa hizi? Pugi bado amelala. Pugi huita jua likishapanda. Huyo ni dudumizi."

"Sauti ni hiyo hiyo inayoshuka."

"Sikiliza vizuri, baba. Pugi anaharakisha, anakata roho. Huyu anabubujika."

Nikasikiliza. Ilikuwa kweli. Ilikuwa sauti ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. Baadaye kidogo alijitokeza mwenyewe juu ya kichaka: ndege mkubwa wa kahawia, mkia mzito, mstari mweupe juu ya jicho, manyoya yameloa umande. Aliporuka, aliruka kama aliyebeba mzigo, akajitupa kwenye kichaka cha pili. Ndege huyo yuko Masasi pia. Nilikwisha kumwona mara nyingi akitafuta panzi na konokono nyuma ya choo, wala sikuwahi kumhusisha na sauti yoyote.

Hapo ndipo nilipopata nguvu ya kusema. Niliwaeleza desturi ya Mama Fidea, nikajaribu kuyatamka yale maneno ya Kimakonde kama nilivyoyakumbuka. Bi Asha aliziweka ndoo chini ili acheke vizuri.

"Rudia, baba. Umesema kuku amepanda shingoni."

Nikarudia. Sasa hata Mama Edina alicheka, akafuta macho kwa pembe ya khanga. Kisha akayasema mwenyewe, taratibu, na nilisikia sauti ya mke wangu ndani ya sauti yake. Nililazimika kutazama pembeni.

"Ni maneno ya wachota maji," akaeleza. "Tuliyasema tangu wasichana. Dudumizi akiita namna hiyo tunasema ameiona mvua. Anasema, inakuja, inakuja. Nawe unamjibu: Ije basi, shingo yangu imechoka."

"Kwa hiyo hakuwa akimjibu pugi?"

"Pugi hajibiwi, shemeji. Umjibu yatima, umwambie nini?"

Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Nilikaa kwenye kigoda, Mama Edina akanipa chai, nami nikainywa kama mtu aliyepona homa. Hakuwa akililia kwao. Hakuwa akijiona yatima. Ilikuwa mazoea ya usichana tu. Kikombe kilikuwa bado hakijafika nusu Bi Asha aliposema, bila nia yoyote, akijifunga khanga kiunoni:

"Lakini nyie Masasi si mna mabomba? Shingo yake ilichoshwa na nini?"

"Tulikuwa na bomba nyumba za kiwanda," nikajibu. "Kiwanda kilipofungwa tukahamia upande wa mlimani. Huko ni kisima, chini ya jabali."

"Mbali?"

"Kuna mwendo."

"Na alikuwa akichota nani?"

"Yeye."

"Wewe ukiwa kazini."

Ningeweza kusema ndiyo. "Wakati huo sikuwa na kazi," nikasema.

Nikakumbuka, nikiwa nimeshika kikombe, kwamba katika nyumba za kiwanda sikuwahi kumsikia akimjibu ndege yeyote. Alianza kule mlimani. Mlango niliousikia ukifungwa kila alfajiri ulikuwa wa yeye kutoka na ndoo, na mimi nilivuta shuka nikimwonea huruma kwa huzuni niliyomtungia mwenyewe.

"Hakuwa akilia, Baba Fidea," Mama Edina alisema polepole. "Alikuwa akiomba mvua." Najua alisema hivyo kunituliza.

Nilisimama nikachukua ndoo yake. Alinikataza, akasema majirani watamsema kwa kumtuma mgeni. Nikateremka hata hivyo, nyuma ya Bi Asha, kwa njia nyembamba ya kichangarawe inayokata ukingo. Kupanda kulinishinda mara mbili. Wanaume wa huko hubeba maji kwa baiskeli, wakizungukia barabarani, na waliotuona walitabasamu.

"Unaibeba kama bwana harusi aliyebebeshwa zawadi," Bi Asha alinitania. "Shingo wima, baba. Usitazame miguu, itakuja yenyewe." Nilifika na nusu ndoo na fulana iliyolowa. Mama Edina aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru kama ni ndoo nzima.

Siku ya tatu niliteremka kutoka uwandani kwa basi, shingo imekakamaa hata kugeuka dirishani siwezi. Njia nzima niliwaza jambo moja. Nilikwenda Newala nikiogopa kuambiwa kwamba mke wangu alikuwa na huzuni, na nikaambiwa alikuwa amechoka tu. Nilidhani hilo ni jepesi zaidi. Huzuni ya yatima nisingeweza kuiponya, mimi wala mtu mwingine. Ndoo ningeweza kuibeba.

Masasi niliwakuta shomoro wangu wakigombana pale pale. Wanaoniuliza nilichojifunza safarini nawaambia habari za ndege, kwa kuwa hizo ninazijua sasa. Pugi na dudumizi wote wawili hushusha sauti, na asiyewajua atawachanganya kama nilivyowachanganya mimi kwa miaka. Pugi huita jua likishakuwa kali, watu wamekaa vivulini. Dudumizi huita kabla hakujapambazuka, hasa miezi hii ya kungoja mvua. Anayetaka kuwatofautisha asihangaike na manyoya. Aamke, atoke na ndoo.