Wembe wa Adolphine

Adolphine alipokimbia vita Lubondja na kuja kukaa nasi Baraka, mwaka 1999, alifika na binti yake Chérie, sufuria moja, na wembe aliouviringisha kwenye kitambaa. Kazi ya wembe aliirithi kwa mama yake. Ukiumwa magoti au mgongo, anakuchanja michanjo midogo mahali panapouma, kisha anasugua majivu ya dawa.

Nani hakuumwa miaka ile? Tulilala porini tukinyeshewa, tukabebeshwa mizigo ya wanajeshi, na dispanseri ilikuwa imeporwa mpaka milango. Tukaenda kwa Adolphine. Vita vilitufundisha kuogopa sumu hata kwenye maji ya jirani, kwa hiyo yeye alijichanja kwanza mkononi, akajipaka dawa, ndipo akamchanja mgonjwa.

"Angaria, Mama Roger," aliniambia mara ya kwanza. "Kama ni sumu, tutakufa bote."

Tulimpenda kwa hilo. Wembe ulikuwa uleule. Wa pili ungetoka wapi, na mitumbwi ya biashara ilikuwa haivuki tena ziwa?

Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimevimba tangu kwao. Asubuhi havikunjiki. Aliloweka mikono katika maji ya moto mpaka jua lipande, ndipo aweze kushika mwiko, na miguuni alitokwa na madoa mekundu. Tulimtania kwamba mganga hajigangi. Akacheka, akazidi kujichanja. Nikikumbuka kicheko kile natamani kujipiga makofi.

Mwaka 2003 Chérie alijifungua katika hospitali ambayo wageni walikuwa wameifungua hapa mjini. Mtoto alilia vizuri, lakini damu ya mama yake ikakataa kusimama. Daktari Placide akataka mtu wa kumtolea damu, na Adolphine akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Placide alirudi na karatasi.

"Mama, damu yako hatuwezi kumupatia. Iko na virusi ya maini, ile banaita hépatite C. Nazani ni iyo njo inavimbisha na mikono yako."

"Wacha mikono yangu! Mutafute bengine. Bantu ba hapa bananipenda, batakuja."

Alisema kweli. Saa nne asubuhi tulikuwa tisa kwenye benchi, wote jirani zake. Damu za watano hazikupatana na ya Chérie. Zilizopatana zilikuwa nne, yangu ikiwa mojawapo, na zote nne kipimo kikazikataa kwa ugonjwa uleule. Placide akatazama alama ndogo kwenye viwiko na magoti yetu, akauliza nani alituchanja.

"Ni miye," alisema Adolphine. "Nilikuwa najichanja kwanza, basiogope."

Placide hakumkaripia. Heri angemkaripia.

Chérie alikufa kabla ya saa sita. Hakuna aliyemlaumu Adolphine mbele yake, nami sikumlaumu, ingawa mpaka leo nina hasira naye na nina hasira na nafsi yangu kwa kuwa nayo.

Alitaka kumwosha binti yake mwenyewe. Alichovya kitambaa, akajaribu kukikamua, vidole vikagoma kufunga; maji yakamwagikia kifuani kwa marehemu. Akanipa kitambaa bila kunitazama. Nilikikamua mara moja tu. Mara ya pili vidole vyangu navyo vilikataa.