Msichana Aliyekwenda Kuleta Dawa

Kitabu changu kina kurasa chache, jalada la rangi ya chungwa ambayo sikuichagua, na msichana mmoja ambaye karibu kila aliyemsoma amenieleza, bila kuulizwa, kwamba angemtandika makofi.

Nilikiandika kwa ajili ya vijana. Ni hadithi ya binti wa milimani mwenye miaka kumi na minane, mkali, mwenye majivuno, mzito wa kuamkia watu. Mama yake anateleza kwenye matuta ya mboga na kuvunjika mguu. Wiki hiyohiyo binti anapata habari kwamba amechaguliwa kuendelea na kidato cha tano. Siku ya tatu anamwambia mama yake, "Naenda misheni kukuletea dawa ya maumivu." Anateremka, anaipita zahanati ya misheni, anakwenda zake mjini. Anasoma, anafaulu, anapata kazi. Katika ukurasa wa mwisho anakula chipsi mayai peke yake, anashiba, na hajutii chochote.

Msichana huyo ni mimi. Tofauti ni kwamba mimi nilipanda tena mlimani baada ya mwaka na nusu, nikiwa na sukari na sabuni, nikalala siku mbili, nikateremka. Hivyo ndivyo nilivyofanya miaka yote, na sasa nina arobaini na tatu. Habari ya dawa hatukuigusa hata mara moja, mama na mimi. Nikajidanganya kwamba nikimwandika vizuri yule msichana, mama atampenda, na akimpenda atakuwa amenisamehe bila mimi kulazimika kuomba. Huyo ndiye msomaji niliyemtaka. Wengine wote walikuwa wapita njia.

Wapita njia hao walikuwa na makelele. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa mjini, nikakisoma kitabu na kidato cha tatu, bila kusema msichana ni nani. Darasa liligawanyika mpaka wakahamisha viti. Upande wa madirishani walikaa waliosema binti amefanya vizuri, maana angebaki angezeeka na jembe. Upande wa mlangoni walikaa waliosema ana laana na kazi yake haitadumu. Nilifurahi, nisiseme uongo. Mwandishi gani hapendi watu wapigane kwa ajili yake?

Kisha binti mmoja ambaye hakuhama kiti akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi ningempelekea mama dawa kwanza, halafu ndiyo niende."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Kutoka kwetu hadi zahanati ni mwendo wa saa moja, na shule ilikuwa inafunguliwa baada ya siku nne. Miaka ishirini na mitano nilikuwa nimejiambia kwamba palikuwa na njia mbili tu, kubaki au kuondoka, na mtoto aliyeshona soksi zake kwa uzi wa rangi nyingine alikuwa ameona ya tatu. Nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Katika chumba cha walimu, mwenzangu anayefundisha dini alikirudisha kitabu kwa ncha za vidole. "Dada, mbona huyu hakuadhibiwa?"

"Si kila mtu anaadhibiwa," nikamjibu, kwa kiburi ambacho leo nakionea aibu.

Desemba nikapanda kwetu na kitabu kwenye mkoba. Macho ya mama yamefifia, hivyo nilikuwa nimsomee. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, ungo wa maharage mapajani, akawa anapukuchua huku nasoma. Hapo nyumbani alikuwepo pia mdogo wangu, binti wa mama mdogo, ambaye anaishi ng'ambo ya kijito na huja kumpikia. Alinisalimia shikamoo dada, akaniwekea maji ya kuoga, akarudi shambani.

Siku ya kwanza mama alicheka sana. Yule msichana anapomjibu mjomba wake jeuri, alipiga paja akasema, "Ana mdomo huyo!" Nikalala na matumaini mpaka asubuhi. Siku ya pili nikafika kwenye mguu uliovunjika, na mikono yake ikaanza kupunguza mwendo. Nikasoma sehemu ya dawa haraka, kama mtu anayemeza kidonge kichungu. Nilipoinua macho alikuwa ameshika ganda moja la maharage, halifungui.

"Anarudi?" akauliza.

"Kwenye kitabu harudi, mama."

"Basi usinisomee tena."

Nilikifunga. Nilitaka kupiga magoti na nikashindwa. Nilibaki nimekaa na kidole changu katikati ya kurasa. Nikajikaza. "Unamchukia, mama?"

Alifikiri. Mama yangu hajibu tu ili kukupoza.

"Simchukii. Ule mguu uliniuma siku sita. Unajua nani aliniletea dawa?"

Sikujua. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza.

"Mdogo wako. Alikuwa darasa la tatu. Aliniona nalia, akateremka peke yake, miguu mitupu, akarudi na vidonge amevifunga kwenye pindo la gauni." Akalifungua lile ganda. "Mimi nilimngoja huyo msichana wako. Nilimngoja kweli. Halafu nikachoka."

Nikasema nisamehe, mama. Nililisema hatimaye, kwa sauti. Akaitikia "haya", kama anavyomwitikia mtu aliyeomba chumvi, akaendelea kupukuchua.

Kwetu ardhi hupitia kwa wanawake. Shamba la lukolo, yaani la ukoo, hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na mjomba humtembeza huyo binti kwenye mipaka mbele ya wazee ili ajulikane. Nyumbani kwetu mimi tu ndiye mtoto wa kike. Shamba lilikuwa langu tangu sijazaliwa, na kwa kuwa lilikuwa langu namna hiyo, sikuwahi kulifikiria, wala sikuitikia mjomba aliponiita nitembezwe. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Niliamini binti hafutiki. Kitu kimoja tu nilikifanya kila ninapoondoka: niliingia migombani na panga, nikajikatia mkungu wa kuteremka nao mjini. Mgeni akiaga, mwenye shamba humkatia. Mtoto wa nyumbani haombi.

Asubuhi ya kuondoka nikachukua panga lililochomekwa ukutani, nikaelekea migombani.

"Liache," mama akasema nyuma yangu. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Ngoja mwenye shamba akukatie."

Nilidhani anatania. Kisha nikaona mdogo wangu anakuja kutoka kijitoni, anajifuta mikono kwenye kanga, haniangalii usoni. Alitembezwa mipakani mwezi Agosti. Mjomba alikuwepo, wazee walikuwepo, kaka zangu walipanda kutoka mjini. Hakuna aliyenificha, ni kwamba hakuna aliyeona kuwa linanihusu.

Alilichukua panga mkononi mwangu polepole, akaingia, akachagua mkungu mkubwa kuliko yote ambayo niliwahi kujikatia. Akanipa kwa mikono miwili, amepinda goti kidogo, kama anavyopewa mtu wa heshima aliyetoka mbali.

"Karibu tena, dada," akasema.

Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru.