Ampu ya Vali Haiombewi Ruhusa

Nyinyi vijana wa Kibaha na Kisarawe mnaopiga magitaa, na hasa nyinyi wasichana mnaoambiwa kila siku mpunguze sauti, haya nayaandika kwa ajili yenu. Nina maneno kuhusu ampu, ile mashine ya kukuza sauti ya gitaa, na namna ya kuichagua. Msinicheke. Najua mnaona bibi mwenye khanga na miguu iliyovimba mkadhani nimekosea mlango. Nimepiga gitaa kabla baba zenu hawajaota meno, na vidole vyangu vya kushoto mpaka leo vina sugu.

Iko siku moja haijanitoka kichwani.

Nilikuwa msichana. Nilitoka kwetu Vihingo, kwa wazazi wangu wakulima, nikaenda Mlandizi kwa shangazi kumsaidia kuuza chakula. Hapo palikuwa na bendi ya dansi. Kama hamjui, mwanangu, bendi wakati ule haikuwa ya wanamuziki. Bendi ilikuwa ya mwenye vyombo. Yeye ndiye aliyenunua magitaa, dramu, spika na ampu, na sisi wapigaji tulikuwa kama wapangaji: ukikorofishana naye unatoka na nguo zako tu. Mwenye vyombo wetu alikuwa na baa, na wote tulimwita Bosi. Alinichukua niimbe. Gitaa nilijifunza pembeni, wenzangu wakipumzika, mpaka mpigaji wake wa ridhim alipokimbilia bendi ya Dar. Akaniweka mimi nishikilie ridhim, lile gitaa la nyuma linaloshika mwendo.

Bosi alikuwa na ampu mbili. Moja ilikuwa kisanduku chepesi chenye sauti ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Hicho ndicho nilichopewa. Ya pili ilikuwa ya vali. Vali ni zile chupa ndogo za kioo zinazokaa ndani ya mashine, zikipata moto zinawaka rangi ya chungwa, na ndizo zinazobeba sauti. Ukiipigia taratibu iliimba kama kengele ya mbali. Ukiifungulia ilinguruma kama lori la mchanga likipanda mlima wa Kisarawe. Hiyo ilikuwa ya mpiga solo peke yake, yule wa gitaa la mbele. Mimi nilikatazwa hata kuifuta vumbi. Bosi alisema mkono wa kike utaiharibu, na hakuna aliyemuuliza mkono wa kike unaharibuje chupa.

Basi tukaitwa kupiga harusi Maneromango. Asubuhi yake mpiga solo akashikwa na homa, hakupanda gari. Tulifika mchana, njia mbovu imetuchosha, uwanja umejaa watu, jenereta linawashwa. Bosi akatangaza kwamba leo tutapiga bila solo.

Nikamfuata. "Bosi, nyimbo zote za solo nazijua."

"Unazijua kwa kusikia."

"Kwani yeye alizijua kwa kunusa?"

Akanikata jicho. "Mwajuma, piga ridhim yako. Ampu ile iache kama ilivyo."

Nikarudi nyuma nimenuna. Mpiga besi wetu alikuwa Mzee Kondo, mtu wa Kisarawe, mkubwa kuliko sisi wote, haongei mpaka aguswe. Nikamshika mkono. "Mzee Kondo, niombee kwa Bosi. Wewe anakusikiliza."

Nilitegemea anihurumie. Hakunihurumia.

"Umekuja kupiga, au umekuja kuomba ruhusa ya kusikika?" aliniuliza. "Maana kama ni ruhusa, utaiomba mpaka uote mvi. Chomeka waya."

"Atanifukuza."

"Ndiyo, atakufukuza. Utakuwa umefukuzwa kwa kupiga. Sasa hivi unabakishwa kwa kunyamaza. Chagua unachotaka."

Nikachomeka waya. Nilishamwona mpiga solo akiiwasha na kuisubiri ipate moto, nami nikasubiri, mgongo wangu nimempa Bosi ili macho yake yasinitetemeshe. Kisha kwa hasira nikazungusha kile kitufe cha ukali, ambacho nyinyi mnakiita geini, mpaka mwisho. Ampu ikapiga mluzi. Watoto wakaziba masikio. Mjomba mmoja wa bwana harusi akasema kwa sauti, "Mtoeni huyo binti, anachinja paka." Uwanja mzima ukacheka.

Nikanyoosha mkono niizime. Mzee Kondo, vidole bado viko kwenye besi, akasema, "Usiiguse ampu. Shika kitufe cha sauti cha kwenye gitaa lako, kirudishe nyuma."

Nikakirudisha. Mluzi ukafa. Na sauti iliyobaki, mwanangu, sikuitegemea: ilikuwa safi, ya mviringo, kila waya wa gitaa unasema neno lake. Nikakipandisha kidogo, sauti ikaanza kukwaruza kama koo la mwimbaji aliyeamka. Nikapandisha tena, ikanguruma. Ampu sikuigusa. Ukali wote ulikuwa umekaa pale unasubiri, na mwenye kuuachia au kuubana nilikuwa mimi, kwa kidole changu kidogo. Nikapiga solo harusi nzima. Wanawake walitoka jikoni na miko yao mkononi wakacheza, na yule mjomba wa paka alilowa jasho mpaka akavua koti.

Bosi alinifukuza tukiwa bado ndani ya gari la kurudi. Sikulia na sikurudi kumwomba. Nilipiga kwingine, nikaolewa, nikazaa, maisha yakaenda. Ila ampu ya vali ya kwangu mwenyewe sikuwahi kuwa nayo.

Sasa nije kwa mjukuu wangu Rehema, mtoto wa binti yangu, ninayeishi naye hapa Kibaha. Huyu anapiga gitaa kuliko nilivyopiga mimi, na nasema hivyo si kwa mapenzi. Jumamosi hupiga harusini na bendi ya mjomba wake Shabani, mwanangu wa kiume. Siku nyingine hupiga na wenzake wa chuo ule muziki wa kunguruma, ambao majirani wakiusikia huniuliza kama kuna mtu anachomelea geti. Shabani ana tabia moja. Gitaa la Rehema analichomeka moja kwa moja kwenye mashine yake ya kuchanganyia sauti, kisha anakaa yeye na kitufe. Rehema akipandisha, mjomba anashusha. Nimehudhuria harusi nikaona vidole vya mtoto vinakimbia na sauti haitoki. Watu wakasifu kinanda.

Siku ile nilimwambia, "Rehema, unahitaji ampu yako."

Akafuga kuku wa kuuza, akapiga kila mahali alipoitwa, mimi nikauza mbuzi wa Vihingo, fedha zikatimia. Shabani alipopata habari alikuja mbio.

"Mama, mnakwenda kununua kabati la vioo. Siku hizi kuna kidude kidogo kinaingia mfukoni, kinaiga ampu zote za duniani."

"Kinaiga. Umesema mwenyewe."

"Na uzito ule nani atabeba?"

"Nilikubeba wewe, na ulikuwa hutulii."

Tukaenda Kariakoo, mimi, Rehema, na gitaa lake mwenyewe mgongoni. Hilo la gitaa nililishikilia. Usijaribu ampu kwa gitaa la duka. Gitaa la duka limechaguliwa ili kila ampu ionekane nzuri, halafu nyumbani utarudi nalo?

Muuzaji alikuwa kijana mwenye heshima. "Shikamoo bibi. Unatafuta spika ya maulidi?"

"Marahaba. Natafuta ampu ya vali yenye geini ya kutosha, na inayojua kunong'ona."

Akamtazama Rehema kama anayeomba mkalimani. Kisha akatuletea ile kubwa kuliko zote, akafungulia, vioo vya kabati vikatetemeka, wapita njia wakachungulia. Nikamwambia azime. "Kelele kubwa inaficha mabaya. Ishushe mpaka mimi na wewe tuweze kusemezana."

Alipoishusha, nikamwambia Rehema aweke geini juu apige nyaya zote kwa pamoja. Ikatoka uji. Huwezi kujua huu waya upi na ule upi, kila kitu kimeshikana. Nikamwambia arudishe kitufe cha kwenye gitaa. Ule uji ukapungua lakini haukusafika, ukawa uji mwepesi. Tukaiacha. Ya pili ilikuwa nzuri kwa macho, mtumba kutoka ng'ambo, ngozi nyekundu na herufi za dhahabu. Rehema aliipenda. Nikamwomba aisome nyuma, akanisomea kwamba inataka umeme nusu ya huu wa kwetu. Hiyo ukiichomeka ukutani Kibaha, siku ya kwanza inatoa moshi. Tukaiacha nayo, ingawa mtoto aligeuka kuitazama.

Ya tatu ilikuwa ya wastani, nyeusi, haina pambo. Geini ikiwa juu, nyaya zote zilinguruma na bado nilizisikia kila mmoja na jina lake. Rehema akarudisha kitufe cha gitaa, ikasafika kama maji ya mtungi. Ilikuwa na chaneli mbili, moja ya sauti safi na moja ya ukali, na akikanyaga swichi ya mguuni inahama bila kuruka wala kupiga kishindo. Tuliijaribu polepole, muuzaji akahamisha uzito mguu huu na mguu ule. Akasema, "Bibi, hiyo haina nguvu kama ile ya kwanza."

"Inatosha ukumbi wa harusi na masikio ya Shabani. Anayetaka kujaza uwanja wa mpira akanunue yeye. Vali zake za akiba zinapatikana hapa mjini?"

"Zinapatikana."

"Basi ifunge."

Akawa anaifunga, kisha akauliza, "Bibi, kumbe ulikuwa fundi?"

"Nilikuwa msichana," nikamwambia.

Kwa hiyo mwanangu, ukienda dukani usichague kwa ukubwa wala kwa jina lililoandikwa mbele, wala kwa sababu kijana fulani kwenye simu ameisifia. Ampu ya ukali ni rahisi kupata. Ampu ya ukali inayokutii ndiyo ya kutafuta. Ipigie kwa sauti ndogo. Isikilize ikiwa kali uone kama nyaya bado zinaachana, kisha isafishe kwa kidole chako. Ikikataa kusafika, hata wakikupa bure iache, maana itakufanya upige aina moja ya muziki mpaka uchoke. Ukishainunua iheshimu. Umeme wetu unapanda na kushuka, iwekee stebilaiza, kile kisanduku cha kusawazisha umeme. Usiiwashe bila spika yake kuunganishwa, utaiunguza moyo. Na usiifunge kwenye bodaboda ingali moto. Vali zikiwa na joto zinachukia mashimo kuliko wewe.

Wiki ile ile Rehema alikwenda nayo kwenye harusi ya Mlandizi. Akaiweka nyuma yake, akaisimamia. Shabani alizungusha vitufe vyake vyote na sauti ya mtoto ikabaki palepale. Nilikuwa nimekaa na wamama. Mmoja akaniuliza, "Huyo anayepiga hivyo ni nani?" Sikumjibu haraka. Nilitaka aulize tena.

Baada ya siku chache Shabani akaja nyumbani kwangu na mpiga solo mwingine, kijana mwembamba mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba. Kulikuwa na harusi kubwa Kisarawe. Akakaa, akanywa chai, akasifia chapati. Kisha akasema, "Rehema, ile ampu ni nzuri sana. Tutaichukua Jumamosi. Wewe pumzika kidogo, huyu kaka atapiga. Wenye shughuli wamezoea mwanamume pale mbele."

Yule kaka akaongeza, "Nitaitunza, sista. Tena mkono wangu una nguvu, itafunguka vizuri."

Rehema akatazama mkeka. Midomo yake ilishaanza kusema "Sawa, mjomba." Niliiona. Na mimi nawaambia, katika kila kitu nilichokiona maishani, sijaona kitu kinachoudhi kama mtoto mwenye haki anayetafuta njia ya adabu ya kuikabidhi.

Kusikika kwako usimwachie mtu mwingine akushikie kitufe, hata akiwa mjomba, hata akiwa anakupenda. Shabani anampenda Rehema, sina shaka. Lakini anampenda akiwa chini chini. Heshimu wakubwa zako, salimia, pika chai, beba mizigo yao wakitoka safari. Kazi ya mikono yako usiwape waipange. Na wakikununia, waache wanune. Mnuno haujaua mtu, ukimya umeua wengi wakiwa wanatembea.

Mungu awape masikio yasiyodanganyika na vidole visivyochoka. Awajalie umeme usiokatika katikati ya wimbo, na awape watu wa kuwasikiliza mpaka mwisho, hata wale waliokuja kuwazomea. Amina.

Na nyumbani kwangu nilichosema siku ile, mbele ya Shabani, Rehema na yule kijana wa miwani, ndiyo amri mpaka leo: "Ampu hii haivuki kizingiti bila Rehema kutangulia mbele yake. Anayeihitaji amwite yeye kwanza, na amwite apige. Shabani, maliza chai yako. Rehema, nyanyua kichwa, kisha ukachomeke waya."