Mudomo ya Beseni

Batu ba masomo makubwa banabishana siku hizi juu ya kitu gani batoto ba sekondere bajifunze mu saa ya kuchora: rangi, udongo, masanamu ya bankambo, bazee betu ba zamani. Mi hakuna anayeniuliza, maana masomo yangu iliisha mbele ya beseni moja. Lakini nitasema.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Zaïre, hapa Kolwezi, tukikaa mu nyumba za kompani kule Dilala. Papa alichimba shaba, na kifua chake kilikuwa kimeanza kulia kama mulango wa zamani. Alitaka kitu kimoja tu: niingie masomo ya ufundi ya kompani, nikuwe muchoraji wa mashini, nikae mu biro, ku ofisi, nisishuke mu shimo. Mutihani wa kuingia kule ulikuwa kuchora kitu kilichowekwa mbele yako.

Mwalimu wetu wa kuchora, mwanaume wa abakosi, ile koti isiyovaliwa na tai, ya kijivu yenye pasi kali, hakuwahi kutuwekea kitu mbele. Yeye alichora kwenye ubao, sisi tulifuata. Siku ya beseni alisema:

"Mudomo ya beseni iko mviringo. Mupige na kompa." Akainua bikari yake ya mbao.

Mwenzangu wa benchi akainua mukono, akamuita vile serikali ilitaka tuitane, mwananchi. "Lakini sitwayeni mwalimu, kule kwetu beseni ikikuwa chini, mudomo iko sawa yai."

"Mama yako anafulia nguo mu yai?"

Darasa lote likacheka. Kisha fimbo ikaanza kazi, kwake na kwa kila mutu aliyechora yai, na hakuna aliyecheka tena. Saa zingine za kuchora zilikwenda kwa kupaka rangi vitambaa vya defile, maandamano ya chama cha serikali. Direktere, mukubwa wa masomo, alipita dirishani, akaona, akasifu. Ninabataja wote wawili, mwalimu na direktere. Vitambaa, chama kilibalazimisha. Fimbo ya beseni, hakuna aliyebalazimisha.

Siku ya mutihani, muzee mumoja wa biro aliweka beseni juu ya meza. Nyeupe, ukingo wa bulu, imebanduka upande mumoja. Nikaiangalia. Kutoka kiti changu mudomo ilikuwa nyembamba, sawa yai iliyolala. Nikaichora vile, na mukono wangu ulitembea bila kuhangaika. Halafu mugongo wangu ukakumbuka fimbo. Nikachukua gome ya kufutia, nikafuta yai, nikapiga mviringo na kompa.

Yule muzee akasimama nyuma yangu.

"Mutoto, beseni yako imesimama na ubavu. Maji yote imemwangika." Akainama, akaona alama ya yai chini ya mviringo. "Nani alikuambia ufute?"

Nikaangalia kompa yangu. Akatikisa kichwa, akapita.

Hawakunichukua. Papa hakunipiga. Alisema tu, "Basi, tutatafuta buti za muguu yako."

Nikashuka mu shimo. Kule, asubuhi moja, tuliona ufa kwenye ukuta, wote tuliuona. Kapita, mukubwa wetu wa timu, ninamutaja naye, akasema ukuta uko muzuri, kazi iendelee. Tukaufuta ule ufa mu macho yetu, vile tulizoea kufuta. Ukuta ulipoanguka mi nilitoka. Benzangu hawakutoka.

Kwa hiyo mukiniuliza batoto bajifunze nini: bajifunze kuangalia, na kuacha kwenye karatasi kile banaona. Rangi itakuja nyuma.

Juzi binti yangu, mwaka wa kwanza wa sekondere, alikaa mu lupango, uwanja wa nyumba yetu, na beseni ya kufulia mbele yake, kreyo ya kuchorea mukononi.

"Papa, mwalimu anasema mviringo."

"We unaona nini?"

Akainamisha kichwa, akafunga jicho moja. "Yai."

"Chora yai."

Kesho yake alirudi na viganja vimevimba na fimbo. Nikabeba ile beseni mpaka ku masomo, nikaiweka chini mbele ya mwalimu wake, kijana wa viatu vilivyochoka.

"Mwalimu, angalia tu. Sitaki kingine."

Akaangalia. Akaangalia sana, nami nikaona kwamba ameona. Kisha akafuta chaki kwenye vidole vyake.

"Tata, inspekta akipita, atatafuta mviringo."

Nikarudi. Nikaiweka beseni mahali pake, mbele ya binti yangu. Alikuwa ameketi na kazi yake kwenye magoti. Hakuinua macho. Kompa ilikuwa inazunguka.