Zipu ya Gauni la Kwaya

Gauni la kwaya la mama ni la kitenge cha zambarau, lina zipu mgongoni. Jumapili moja asubuhi nilikuwa namfungia, kichwa cha zipu kikapanda vizuri hadi shingoni, lakini meno chini yake yakabaki wazi.

Siku hiyo mama alikuwa aongoze wimbo. Alikuwa ameugua mapafu, na kwa muda mrefu alikaa benchi la nyuma akisikiliza mtu mwingine akiongoza nyimbo zake. Sasa alikuwa amepona. Ila kwenye kwaya yao asiye na sare hasimami mbele, hata awe na sauti ya namna gani.

"Kwani Mungu anaangalia rangi ya gauni?" niliuliza.

"Mungu haangalii. Mwenyekiti wa kwaya ndiye anaangalia."

Nikasema basi avae, nimshone mgongoni kwa uzi, akirudi nifumue. Bibi, mama yake mama, alikuwa anakunywa uji mlangoni. Akaweka kikombe chini.

"Nguo haishonwi mwilini. Anayeshonewa mwilini ni maiti."

"Hospitali wanashona watu walio hai kila siku, bibi."

"Wanashona nyama, mume wangu, hawashoni magauni. Chuo hawakukufundisha tofauti?"

Mama alicheka, lakini tayari alikuwa analivua. Nikamuuliza kama na yeye anaamini hayo.

"Sijui kama naamini," alisema. "Ila leo si siku ya kujaribu."

Nilitamani kubishana zaidi. Nani alimwona mtu aliyeshonewa nguo mwilini akafa kwa sababu hiyo? Lakini ibada ilikuwa inakaribia, na mafundi cherehani wote wa hapa Zuzu ninaowajua walikuwa wanavaa kwenda kanisani, wengine kwenye kwaya hiyo hiyo. Nikalichukua gauni.

Meno ya zipu yalikuwa yamejaa vumbi jekundu, kama kila kitu hapa kwetu upepo ukianza. Niliyasugua kwa mswaki wa zamani. Kisha nikafumua mshono wa chini, nikakitoa kile kichwa. Kilikuwa kimelegea, kinapita juu ya meno bila kuyabana. Nilikiminya kwa koleo, kidogo upande huu, kidogo upande ule, kwa sababu ukizidisha kinapasuka. Nikakirudisha, nikapiga uzi mara kadhaa chini kisije kikatoka, nikapaka meno sabuni ya mche. Kikapanda na kushuka bila shida.

Mama akavaa. Nikafunga hadi juu, zipu ikatulia. Akajitazama kwenye kioo, akaridhika, akavuta pumzi aanze ubeti wa kwanza kujipima sauti. Hakufika mbali. Zipu iliachia katikati ya mgongo kwa mlio mkali.

Alikaa kitandani, gauni likimning'inia mabegani. "Niacheni tu," alisema. "Nitakaa nyuma." Alisema kwa sauti ndogo, na hilo ndilo lililoniumiza, maana nilikuwa nimeizoea sauti hiyo kipindi anaumwa.

"Nyuma wapi!" bibi alisema. "Umenenepa, basi. Wakati unaumwa gauni hili lilikuzunguka kama shuka, hadi ukaenda kupunguziwa."

Tukatazamana, mimi na mama. Nikaligeuza gauni ndani nje alipolivua. Ubavuni, kila upande, kulikuwa na mishono miwili: wa zamani, na mwingine ndani zaidi aliopiga fundi mama alipokonda. Nilikuwa nimehangaika na zipu wakati kitu kilichokuwa kinaivuta kiko ubavuni. Bibi alishika wembe upande mmoja, mimi upande mwingine, tukafumua mshono wa pili wote. Vipande vya uzi wa zambarau vilibaki mapajani mwetu. Kitenge kilichokuwa kimefichwa ndani kilikuwa na rangi kali kuliko pengine pote, ikabaki mistari miwili inayoonekana.

"Wataona," mama alisema.

"Waone," bibi akamjibu.

Nilirudisha zipu. Mama alivaa, akavuta pumzi, akaimba mistari miwili pale chumbani. Ikashika. Hakutaka kuimba wa tatu.

Niliongozana nao, ingawa siendi tena kanisani mara kwa mara na kila mtu nyumbani anajua sababu zangu. Nilikaa na bibi. Mama alisimama mbele ya kwaya akitutazama, hivyo mgongo wake sikuuona. Niliona mabega tu, na mistari ile miwili ubavuni kila alipoinua mikono. Wimbo ulipofika pale anapobaki peke yake na sauti inapanda, mwanamke aliyekuwa nyuma yake alisogea hatua moja, akaweka kiganja mgongoni kwa mama.

"Imeachia?" bibi alininong'oneza.

"Sijui."

Mama alivuta pumzi nyingine, ndefu kuliko ya kwanza, akaendelea kupanda.