Kanda Iliyorudi na Jibu

Jamani, aibu nyingine mtu anaweza kuificha, lakini hii yangu waliiona watu kanisa zima, kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko kusimuliwa na wale wa mtaa wa Point ambao kila mwaka wanaongeza chumvi.

Wakati huo nilikuwa nasoma chuo ugenini, kule Westville, kusini kabisa mwa bara, nimepanga chumba cha bei rahisi Point, na jirani yangu ukuta kwa ukuta alikuwa Baraka, kinyozi, Mkongo wa Uvira, na mkewe Espérance aliyekuwa mjamzito. Baraka alikuwa anaumwa kifua, anakwisha huku tunamwona. Sasa mimi nilikuwa nimesoma maktaba (msomi bwana!) kwamba mzungu aliyevumbua mashine ya kunasa sauti wala hakuanza na muziki, aliwaza barua za kusikiliza, saa ya kukutangazia kwamba chakula tayari, na kuhifadhi maneno ya mwisho ya mtu anayekufa. Hiyo ya mwisho ikanikaa kichwani. Nikamwendea Baraka kwa kuzungukazunguka, maana huwezi kumwambia mtu hivyo usoni, nikasema anaweza kumwekea mtoto sauti yake.

Akasema, "Lete redio. Nitasema jina ya mtoto. Lakini mama yangu asikie wa kwanza, aibariki, kisha ninyi mutasikia." Kwao baba ndiye anayetoa jina, na bibi ndiye anayelipokea.

Nikaweka kanda, nikabonyeza, nikamchukua Espérance tukashuka hadi barabarani ili mtu aseme na mama yake kwa nafasi. Baadaye Espérance akaniomba, "Shemeji, tutoe kopi kwanza. Kule Greyville iko duka wanafanya." Nikakataa. Nikamwambia maneno ya namna hii hayapitishwi dukani yakasikilizwa na kila mtu, hata mimi mwenyewe sijasikiliza na sitasikiliza. Nilijiona mtu wa heshima kweli. Nikampa kanda mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anasafiri kwenda Uvira, nikamsisitiza: bibi akishasikiliza, arudishe kanda.

Baraka alifariki kanda ikiwa bado njiani. Mtoto akazaliwa, wa kiume, akakaa miezi anaitwa Bebe tu. Yule mama aliporudi na kanda alituambia kwamba alimwacha bibi mzima, lakini nyuma yake vita imefika, watu wametawanyika, hakuna anayejua bibi alielekea wapi.

Espérance alitaka kuisikiliza palepale. Nani alimzuia? Mimi. Nilisema tungoje ubatizo, baba amwite mwanawe mwenyewe mbele ya watu, na yeye akalia akasema ni vizuri.

Basi siku ikafika, ukumbi umejaa, mchungaji ameshika maji, na mimi katika suti ya kuazima nikasimama nikawahutubia habari za yule mzungu na saa yake inayosema (watu wanaguna tu kwa adabu), halafu nikabonyeza redio.

Ikatoka sauti ya mwanamke mzee.

"Mwana wangu, nimekusikia. Ile kikohozi haiko muzuri, ukunywe maji ya moto. Jina ya mutoto nimeipenda, nimeibariki, mumuite vile vile. Kaseti nakurudishia na jibu yangu, siwezi kuirudisha mutupu. Upone, Baraka."

Nikageuza upande wa pili, hakuna kitu. Nikarudisha nyuma, bibi tena, anamwambia marehemu apone. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilipaswa kujua, maana sisi wageni sote pale mjini tuliishi kwa barua za kanda, na kanda ikitumwa hurudi imejibiwa juu ya maneno yaleyale, kama vile usivyorudisha bakuli la jirani likiwa tupu. Kuna vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, ukivivunja haifutiki. Sikuvivunja.

Sikuzima, kanda ikaendelea kuzunguka. Ikalia kidogo, na pale jibu la bibi lilipoishia akatokea Baraka mwenyewe, amechoka, "…ni ile, mama. Nimemaliza. Muite ule ndugu azime." Kikohozi, kimya, kisha mlango na viatu vyangu.

Wanawake wakaanza kulia. Espérance hakulia, alinitazama tu.

"Shemeji, weye ulirudi wa kwanza kwenye mlango. Hata kidogo haukusikia?"

"Hata kidogo. Tulikuwa wote chini barabarani."

"Eish," akasema taratibu. Akamgeukia mchungaji. "Mumuite Baraka."

Tangu siku hiyo sijasimama tena mbele ya watu kuwaeleza jambo nililosoma, na kanda yoyote niliyorekodi, hata ya kelele za harusi, nilivunja vile vipande kabla ya kuitoa kwenye redio. Haisaidii kitu, najua. Espérance hakuwahi kunitukana, na hilo ndilo lililonishinda, nikahama Point kimyakimya. Na kama yule bibi bado yuko hai mahali, basi kila akimwombea mjukuu wake anamtaja kwa jina ambalo sisi hatulijui.