Fundi Swichi na Gari la Mkunga

Fundi Swichi, mtoto wa Mzee Tupa, mjukuu wa mhunzi aliyetengeneza kufuli imara hata mwenyewe likamshinda kulifungua, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mimi niliishia darasa la saba, lakini ukoo wetu naukumbuka wote, na majivuno yake pia.

Kazi yake ni swichi na vitasa vya magari ya zamani, yale yanayowashwa kwa ufunguo wa chuma mtupu. Ndani ya silinda mna visahani vitano vyembamba kama magamba ya samaki, kila kimoja na springi yake. Ufunguo halali ukiingia, visahani hujipanga sawa na silinda huzunguka. Ufunguo wa mwizi hugoma. Miaka arobaini alivipanga huku akipiga soga. Macho yalipoanza kumtupa mkono, miwani akaikataa.

"Miwani ni ya wasoma magazeti," alisema.

Siku moja mkunga wetu alileta gari lake, ufunguo umekwama. Gari hilo ndilo linalomfikisha kwa kina mama wenye uchungu. Mdogo wangu akaitoa silinda, akaisafisha, akapapasa, akairudisha. Binti yake, fundi cherehani, akachungulia kutoka chumba cha pili.

"Baba, nikuangalizie?"

"Angalia sindano zako, mama. Huku kuna kazi ya watu wazima."

Ufunguo ukazunguka bila kukwaruza. Tukapiga vigelegele, niliyeanza ni mimi, sikatai.

Kesho yake mkunga akaja kwa miguu, vumbi mpaka magotini.

"Gari haliwaki?" mdogo wangu akamuuliza.

"Linawaka mno! Mjukuu wangu kaliwasha kwa ufunguo wa banda la kuku. Asubuhi jirani kaliwasha kwa ufunguo wa kabati, kaenda nalo kwa kinyozi. Nimetembea hadi kwa mzazi, nikafika mtoto keshazaliwa, ananitazama kama mgeni aliyechelewa!"

"Swichi mpya huwa na ukarimu kidogo," fundi akajibu. "Itazoea."

"Fundi, usiku wa leo nina mwingine, na huyo ni wa mapacha!"

Jirani alipolileta gari hapo kwa fundi, kanyolewa vizuri, binti hakuomba ruhusa tena. Aliifungua silinda juu ya kitambaa cheupe. Kisahani kilikuwa kimoja. Vinne alivikuta kwenye pindo la aproni ya baba yake. Akavipanga kwa kibano chake cha kushonea, pumzi kaibana. Ufunguo wa banda ukagoma. Wa kabati ukagoma. Wa mkunga ukaliwasha gari, naye akaondoka bila kuaga.

Mdogo wangu akakohoa kwanza.

"Umeona? Ndivyo nilivyotaka ujifunze."

"Nimeona, baba."

Akamsogezea kisanduku cha springi, taratibu, kama anayempa mtu mtoto mchanga.

"Saa nane linakuja gari la mwalimu mkuu. Silinda yake utaitoa wewe. Mimi nitashika tochi, na usinifundishe kuishika."